Mabawa Mawili ya Kushoto

Rafiki yangu fundi redio, mjuaji wa pili baada yangu, alikuwa akiunda chumbani ndege kubwa ya rimoti ya kupiga sarakasi. Alishatamba kwamba kesho atairusha. Kumbe kaunda mabawa mawili, yote ya kushoto!

"Shemeji, itaruka upande kama kaa!" mdogo wa mkewe akacheka.

Fundi akasonya. Gundi nayo ilikwisha. Akafunga chumba kwa ufunguo, akaenda dukani.

Aliporudi, umeme umekatika. Mle chumbani msasa ulikuwa ukisugua mbao: skwaa, skwaa. Akafungua. Kimya. Akapapasa meza gizani: bawa la kushoto, jingine la kushoto, halafu la tatu, la kulia. Gundi mbichi ya bawa hilo ikamnata vidoleni.

Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kopo la gundi alilotoka kununua, halijafunguliwa.