Kinyama cha Juu

Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema. Kilio gani? Wangu nilimfichua mimi mchumba wake, tena akiwa hai.

“Harusi hakuna,” aliniambia kwenye simu. Nilikuwa maabara ya hospitali, glavu mkononi.

“Fundi, umelewa saa nne asubuhi?”

“Baba alikufa kwa saratani ya tumbo, unajua. Wiki iliyopita waliniingiza kamera tumboni, wakanikata vinyama. Sitaki uolewe leo, kesho uwe mjane.”

“Kamera? Bila kuniambia?”

Akakata simu.

Vinyama vyote vya matumbo hapa huvikata na kuvitia rangi mimi, kwa namba tu, bila kutazama majina. Nikapekua fomu hadi nikaipata yake. Kinyama cha sehemu ya chini ya tumbo: vidonda, bakteria hawaonekani. Na pale pa kuuliza dawa za kupunguza asidi, mwandiko wake: “Situmii.”

Hatumii? Jumapili kabla ya kipimo hicho nilimwona akimeza vidonge viwili vya asidi huku amenipa mgongo!

Nilimfuata daktari wa darubini na fomu ile.

“Daktari, huyu kadanganya. Anameza vidonge vya asidi.”

“Umejuaje?”

“Ni mchumba wangu.”

Akavua miwani. “Vidonge hivyo huwapunguza bakteria sehemu ya chini. Wanaobaki hujificha juu. Kinyama cha juu kiko wapi?”

“Kimegandishwa kwenye nta. Bado hakijakatwa.”

“Kikate.”

Nilikikata. Nilipokuwa nakitia rangi, ujumbe wa Fundi ukaingia: “Waambie wa kwenu. Mimi siwezi.”

Daktari aliinamia darubini. Akasogeza kioo, akarudisha.

“Ni saratani?”

“Njoo uone.”

Vijiti vidogo vilivyopinda, vimejazana kwenye ute wa tumbo.

“Bakteria wa vidonda,” alisema. “Saratani siioni. Hawa wana dawa.”

Nililia hadi barakoa ikalowa.

Kesho yake Fundi alitoka kwa daktari wake, bahasha mkononi, macho mekundu.

“Nani kasema habari za vidonge?”

“Mimi.”

“Nimeumbuliwa kama mtoto!”

“Kwa nini uliandika hutumii?”

Akaketi kando yangu kwenye benchi.

“Waliniambia niache vidonge wiki mbili kabla ya kipimo. Maumivu yakanishinda. Nikaogopa watanirudisha nikangoje upya. Kungoja kulikuwa kunaniua.”

“Na mimi je? Ungeniua kwa ujumbe wa simu?”

Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

“Harusi ipo,” alisema. “Lakini siri yangu umeitoa. Niombe radhi.”

“Siombi.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo, Fundi. Siombi.”