Panda Ndege, Jungfa

“Usikate simu, Jungfa. Leo utanisikiliza.”

“Nina wateja, Liching. Supu inachemka.”

“Supu yako inachemka tangu nikujue. Kuna mtu ameniposa.”

Upawa ukabaki hewani. Nje hapajapambazuka vizuri, lakini ule mgahawa mdogo wa supu ya ng'ombe pale Tainan ulishajaa. Mbele ya Jungfa palikuwa na bakuli, vipande vyembamba vya nyama mbichi vimepangwa chini yake, vikisubiri kumwagiwa supu ya moto viive hapo hapo. Supu haikuja.

“Bosi!” mteja mmoja akaita. “Hiyo nyama nile hivyo hivyo?”

Huiju, dada mdogo wa Jungfa, alimpokonya kaka yake upawa, akamsukuma kwa kiwiko mpaka uchochoroni nyuma ya jiko.

“Wewe ni mke wa mtu,” Jungfa akasema kwenye simu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda.

“Mke wa nani? Wa yule aliyeniacha kwenye lango la ndege miaka sita iliyopita, akaniambia supu haiwezi kuachwa?”

Jungfa alifuta mikono kwenye aproni.

“Anaitwa Duarte. Ndiye mwenye ukumbi unaoonyesha picha zangu hapa Lisbon. Ni mtu mwema na sijamjibu. Mwezi ujao maonyesho yanafunguliwa. Njoo. Nataka nikuone kwa macho yangu kabla sijasema ndiyo au hapana.”

“Si uje wewe? Nyumba ni yako.”

“Nimekuja mara mbili. Mara zote mbili nimekaa kwenye kigoda nikakutazama ukikata nyama. Hukuniuliza hata siku moja huku nalala wapi, nakula nini. Njoo, Jungfa. Usipokuja, nitajua la kumjibu.”

Akakata yeye.

Liching alikuwa mwalimu wa kuchora wa shule ya msingi ya jirani. Alikuwa akija kila asubuhi kunywa supu, huku akichora sura za wateja kwenye karatasi za kupangusia mdomo. Jungfa alianza kumwongezea nyama. Mwaka wa pili akamwongezea pete. Baadaye mke alipopata nafasi ya kwenda kusomea uchoraji Ureno, walikata tiketi mbili, wakaaga mtaa mzima, wakaenda uwanja wa ndege wa Taoyuan wameshikana mikono. Aliyepanda ndege ni mmoja. Mtaa mzima ukasema Jungfa anapenda sufuria kuliko mke, naye akaacha waseme.

Wasichojua ni kwamba kila alfajiri, kabla hajatazama kama Tainan kutanyesha, alitazama kwenye simu kama Lisbon kutanyesha. Kukiwa na mvua huko, alishinda na wasiwasi kama mkewe ana mwavuli.

“Wifi kasemaje?” Huiju akauliza wateja walipopungua.

“Ameposwa.”

“Safi sana. Ulidhani ni bakuli, ukiliweka kabatini utalikuta?”

“Huiju!”

“Unataka nilie? Lia wewe kwanza, mimi nitakusaidia.”

Jungfa hakulia. Alifunga mgahawa mapema kuliko kawaida, akaosha mikono mara tatu, akapiga simu.

“Liching. Haikuwa supu.”

“Nini haikuwa supu?”

“Siku ile. Niliiona ndege kupitia kile kioo cha langoni, pumzi ikakata. Miguu ikakataa. Nilidhani nakufa pale pale. Nikaona aibu kukwambia kwamba mumeo, mwanamume mzima, anaogopa ndege. Kwa hiyo nikasema supu.”

Jungfa alisikia tramu ikipita chini ya dirisha la mkewe, ikipiga kengele, ikaisha.

“Miaka sita,” Liching akasema taratibu. “Miaka sita nimeshindana na sufuria.”

“Nisamehe.”

“Leo sikusamehi. Leo nina hasira.” Akapumua. “Kata kiti cha pembeni ya njia.”

“Eh?”

“Usikae dirishani. Ukikaa pembeni ya njia unasimama unapotaka, humwombi mtu ruhusa. Mtu anayeweza kusimama haoni kama amefungiwa. Na usikate ndege za kuunganisha kwa haraka haraka. Pitia Istanbul, uwe na muda wa kutosha wa kutembea pale, uoshe uso.”

“Liching…”

“Sijakwambia nimekusamehe. Nimekwambia kata kiti.”

Kuanzia siku hiyo simu ya Jungfa haikutulia. Ujumbe uliingia akikata nyama, akila, akiwa chooni.

“Ukikaa tu kitini, rudisha saa yako iwe ya Lisbon. Mwili unadanganyika ukianza kuudanganya mapema.”

“Maji, sio kahawa. Na usimalize kila sinia wanalokuletea, tumbo huvimba angani. Kula nusu.”

“Vaa soksi za kubana miguu. Dawa zako za presha, mswaki na shati moja viwe kwenye mkoba wa mkononi. Mzigo mkubwa unaweza kuchelewa, wewe usichelewe kwa ajili yake.”

Naye alijibu kwa kidole kimoja: “Na chakula cha huko?”

“Mgahawa wenye picha za chakula mlangoni na lugha nne, pita. Tafuta palipojaa mafundi saa ya mchana. Kama huelewi majina, onyesha sahani ya jirani kwa kidole, hawakasiriki. Mkate na zeituni wakikuwekea mezani bila kuomba, si bure. Ukionja umelipa.”

“Wezi.”

“Desturi. Na wewe acha kukiponda chakula chao kabla hujakionja.”

Siku nyingine Jungfa aliandika, akafuta, akaandika tena: “Mimi sijui kutazama picha. Nitakuaibisha mbele za watu.”

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa refu kuliko yote.

“Hakuna anayejua, wengi wanajifanya. Usizunguke ukumbi mzima, utachoka miguu na macho. Chagua picha moja inayokuita. Usianze kusoma kibandiko. Tazama kwanza, ukikaa kama kuna benchi. Kisha sogea karibu, kisha rudi nyuma. Kama moyo haukusema kitu, hamia nyingine, si kosa lako. Ulivyokuwa unaitazama nyama sokoni kabla ya kununua, ndivyo hivyo hivyo.”

Jungfa aliusoma ujumbe huo mpaka Huiju akamwambia simu itatoboka. Hakumtajia dada yake neno moja lililokuwa linamuuma: kwamba mwanamke anayefundisha mtu namna ya kufika, huenda anamfundisha pia namna ya kuaga. Duarte hakutajwa hata mara moja katika jumbe zile. Angetajwa, ingekuwa nafuu.

Siku ya safari Huiju alimsindikiza hadi Taoyuan, akamuacha kwenye ukaguzi.

“Kaka, ukirudi nikakuona mgahawani kesho, naapa nitatia sukari kwenye supu.”

Langoni, kile kioo kilikuwa pale pale. Ndege nayo ilikuwa pale, nyeupe, kubwa mno kwa kitu kinachodai kuelea. Jungfa alihisi kifua kikibana, shati likalowa mgongoni. Watu wakaanza kupanga foleni. Akatoa simu, akampigia mkewe.

Ikapokewa na mwanamume.

Yule mtu alisema maneno asiyoyaelewa, kwa uchangamfu, kisha akaita kwa sauti: “Liching! Liching!” Nyuma yake Jungfa alisikia kicheko. Kicheko cha mkewe, kile cha kutoka tumboni, ambacho hakukisikia kwa miaka sita.

Akakata simu.

“Basi,” akajisemea. “Duarte ameshajibiwa.”

Simu ikalia mkononi mwake. Liching. Hakupokea. Ikalia tena. Akaizima kabisa.

Angeweza kugeuka. Njia ya kurudi aliijua. Lakini hasira ilimpanda kutoka miguuni, ileile miguu iliyowahi kukataa. Nirudi nikaseme nini? Supu tena? Naenda. Nimtazame huyo Duarte usoni, nimtazame na Liching, nimwambie nilikuja. Alikuwa bado anagombana nao kichwani pale mhudumu wa ndege alipomwonyesha kiti chake. Kumbe lango ameshalipita.

Ndege ilipoanza kukimbia, Jungfa alikamata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu.

“Kijana,” bibi mmoja wa mji wa Chiayi aliyekaa jirani yake akasema, “huo ni mkono wangu. Ukiuvunja, nitakula na nini?”

“Samahani, mama. Mara yangu ya kwanza.”

“Na unaenda kufanya nini huko mbali na uoga wote huo?”

“Kumwona mke wangu.”

“Mgonjwa?”

“Hapana. Ameposwa.”

Bibi akamtazama vizuri. Kisha akaurudisha mkono wake pale ulipokuwa. “Haya, shika. Lakini si kwa nguvu.”

Saa zile zilikuwa ndefu kama mwaka. Hasira ilimwisha mapema, ikabaki hamu peke yake, na hamu ni nzito zaidi. Alirudisha saa yake nyuma, ikawa ya Lisbon. Akanywa maji. Akala nusu. Pumzi ilipokata, alisimama, akatembea hadi nyuma, akanyoosha vigimbi vya miguu karibu na vyoo, akarudi. Istanbul akatembea, akaosha uso, akapanda ndege ya pili. Kila alichofanya ni sauti ya Liching. Alimkasirikia kwa hilo pia: ameshampa mwingine moyo, lakini yeye bado anamwamuru anywe maji.

Lisbon ilimpokea kwa jua. Barabara zote zilipanda mlima. Alikula kwa kusimama katikati ya mafundi wenye vumbi la saruji, akionyesha sahani ya jirani: supu ya majani ya kijani na viazi, kipande kimoja cha soseji juu. Alitaka kuidharau. Alishindwa, akaimaliza. Kisha akavaa shati lake la mkobani na kwenda ukumbini.

Watu walijaa, wameshika glasi. Liching alikuwa mbali, amezungukwa, nywele amezikata fupi, zina mvi ambazo Jungfa hakuwahi kuziona. Hakumwendea. Aligeukia ukutani na kutazama picha. Ngazi za mawe. Wanawake wa sokoni wenye samaki. Mzee anayelala kwenye tramu. Alisahau lile agizo la kuchagua moja, akazunguka zote, haraka haraka, kama mtu aliyepoteza mtoto. Alimaliza, akaanza upya. Hapakuwa na Tainan. Hapakuwa na mgahawa wala sufuria. Hapakuwa na yeye.

“Unatafuta nini?”

Ilikuwa sauti yake, nyuma yake kabisa.

“Najitafuta,” Jungfa akasema bila kugeuka. “Sijajiona.”

“Hutajiona.”

“Nimeelewa. Nimekuja mbali kuelewa, lakini nimeelewa. Nilimsikia kwenye simu. Nikakusikia na wewe ukicheka. Hongera, Liching. Picha zako nzuri. Yule mzee wa tramu nilitaka kumfunika blanketi.”

“Geuka.”

Akageuka. Macho ya mkewe yalikuwa yamejaa maji.

“Nimejaribu kukuchora kuliko mtu yeyote,” akasema. “Nafika kwenye mikono, nachana. Mimi nikimaliza kumchora mtu, huwa nimemalizana naye. Wote hawa ukutani nimewaaga. Wewe sijaweza.”

Jungfa aliitazama mikono yake.

“Na uliponisikia nacheka, nilikuwa juu ya ngazi natundika hiyo picha, nyundo imemwangukia Duarte mguuni, akapokea simu kwa mguu mmoja. Nikashuka, nikakupigia, hupokei. Nikapiga tena, simu imezimwa. Nikasema, amerudi nyumbani, amerudi kwenye sufuria yake. Kisha Huiju akaniandikia: ‘Wifi, nimemngoja nje, hakutoka. Ndege imeondoka na mwendawazimu wako yumo ndani.’”

“Ukafanyaje?”

“Nikakaa chini sakafuni nikalia. Kisha nikamwambia Duarte hapana.”

“Kabla sijafika?”

“Ulikuwa bado angani. Sikuhitaji ufike. Nilihitaji kujua umepanda.”

Mwanamume mrefu mwenye kuchechemea alikuwa anawatazama kutoka mlangoni. Jungfa aliinamisha kichwa kwake, kwa heshima. Duarte naye akainamisha chake, akageuka taratibu kuwahudumia wageni.

“Ni mtu mwema,” Jungfa akasema.

“Nilikwambia.”

Walisimama hivyo, hawajagusana bado, kama watu wanaoogopa kumwaga kitu kilichojaa.

“Mimi siwezi kuacha kuchora hapa,” Liching akasema. “Usije ukadhani nafungasha leo. Miezi ya joto nitakuwa huku. Baridi ikianza, nakuja Tainan. Na miezi ya joto nakutaka huku, Jungfa. Sio simu. Wewe.”

“Na mgahawa?”

“Huiju yupo.”

“Huiju ana haraka. Anakata nyama nene. Ataiharibu supu ya baba, wateja watakimbia, jina letu…”

“Iharibike.”

Jungfa alimtazama. Nywele fupi, mvi, rangi ya bluu iliyoganda kwenye kidole gumba. Miaka sita alikuwa ametazama mvua ya mji huu kwenye simu.

“Iharibike,” akasema, akamvuta kifuani pale pale mbele za watu.