Mama Samira Hajasema Basi

Mniwie radhi mapema, hadithi hii nitaiharibu. Mimi kazi yangu ni kuchekesha watu kwenye harusi za Wabongo hapa Joburg. Pa kunong'ona nitapayuka, na pa kuogopa mtacheka. Mkicheka, basi chekeni polepole.

Jioni ile nilikuwa napeleka sufuria la pilau mtaa wa La Rochelle, kwenye matanga ya Khatibu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani, yaani tangu mababu. Alifundisha falsafa chuoni, na kila tukikutana alinichokoza kwa habari za wale Wazungu wa miaka mia nne iliyopita, waliojifungia ndani wakitilia shaka kila kitu. Mmoja alijiuliza: je, kama kuna shetani hodari anayenidanganya kuhusu mbingu, ardhi, hata mikono yangu hii? Akaona kitu kimoja tu ambacho shetani hawezi kukigusa: anayetia shaka lazima yupo. Nilimwambia Khatibu huyo Mzungu alikosa mke wa kumtuma sokoni.

Sasa, mila yetu mnaijua. Mtani huvaa nguo ya marehemu, akamwigiza matangani ili wafiwa wapate kucheka. Wala haachi kwa hiari yake. Mfiwa ndiye husema, "Basi, mtani." Hapo unavua, na marehemu anakwenda zake.

Mama Samira, mjane wake, akanipa koti. Lilinukia kafuri. Nikashangaa, maana kafuri ni ya maiti, na koti halioshwi pamoja na maiti.

Nikavaa.

Nikakohoa kikohozi chake. Nikajikuna kidevu kama yeye. Watu wakacheka, hata Shehe Bakiri aliziba mdomo kwa mkono wa kanzu. Mara umeme ukakatika, zamu yetu ya mgao. Nikavuta pumzi niutanie huo mgao...

Mdomo ukafunguka. Si mimi niliyeufungua.

"Mama Samira... nilibisha hodi. Ulinisikia."



Sote tulijua Khatibu alianguka mlangoni kwake, moyo ukasimama. Kwamba alibisha, hakuna aliyetuambia.

Mama Samira akanisogelea gizani. Akanong'ona, "Nilidhani umesahau funguo tena. Nikasema nikukomeshe kidogo."

Nilitaka kumwambia shemeji, ni mimi, Salum. Kikatoka kikohozi. Nilitaka kulivua koti. Mikono ikaendelea kukuna kidevu.

Nikamkumbuka yule Mzungu, nikamng'ang'ania kama mtu anayezama. Sawa, kila kitu kinidanganye. Lakini huyu anayeogopa humu ndani, yupo.

Mtu akacheka. Ndani ya kichwa changu. Taratibu, kama mwalimu aliyefurahishwa na mwanafunzi mzito.

Yupo, ndiyo. Nani kakwambia ni wewe?

Nikamkodolea macho Mama Samira. Aseme tu. Basi, mtani. Aseme.

Akanishika mkono.

"Usiondoke, Baba Samira. Kaa."

Umeme uliporudi, Shehe Bakiri ndiye aliyenivua lile koti. Akanisomea, akasema huzuni imenipanda kichwani. Huenda. Huenda pia jirani alisikia mlango ukigongwa siku ile, akanitajia, nikasahau. Najitahidi sana kuamini hivyo.

Lakini kila jioni, hapa kwangu Yeoville, simu inaita, na Kidawa mke wangu huiweka mezani katikati yetu.

"Baba Samira, umekula?"

Kidawa alikwenda kumpigia magoti aseme lile neno. Mama Samira alimkaribisha chai, akalia naye, akaahidi atalisema kesho. Kila tukimuuliza ni kesho. Kuna mjane gani atakayemfukuza mumewe mara ya pili?

Nami huitikia. Naeleza nilichokula. Sauti si yangu, na Kidawa siku hizi hata halii, ananitazama tu kidevu.

Msimlaumu mama wa watu. Kosa ni langu. Miaka yote jukwaani sijawahi kumwigiza mtu nikaaminika. Siku pekee niliyofaulu, nikaichagulia matanga.