Usiniachie Mpaka Nikwambie

Kipaza alianza kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hapo ndipo mkewe alipojua kuna jambo. Huyu ni mwanamume ambaye kituo kizima cha zimamoto kilimpa jina hilo kwa sababu ya koo lake. Wenzake walisema redio zikiharibika hakuna haja ya kuita fundi, Kipaza apandishwe juu ya paa aongee. Akiomba chumvi mezani, jirani naye alitafuta chumvi. Sasa alikuwa akimsogelea mkewe hadi sikioni ili kumwambia kwamba chai imepoa, na kila alipomaliza alinyamaza, akageuza kichwa kidogo upande wa kulia, akasubiri.

"Koo linakuuma?" mkewe aliuliza.

"Hapana."

"Basi unanong'ona kwa nini, Baba Kipusa? Humu ndani tuko wawili."

Alimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayetaka kubisha na hathubutu. Kisha akaenda kulala, maana alikuwa ametoka zamu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Watu wengine husoma nyuso. Yeye alisoma nguo. Alikuwa ameyaona mashati ya mumewe. Mshono wa bega la kulia ulikuwa umelegea kwenye kila shati, haukukatika, ulivutwa kwa nyuma, na juu yake palikuwa na masizi ambayo hayakutoka kwa sabuni wala kwa jua. Alishona upya shati moja kwa uzi wa kushonea mahema. Mumewe alilivaa asubuhi, na mchana mshono ulikuwa umeshuka tena. Na ile harufu nayo, harufu ya rangi na magodoro yanayoungua pamoja, iliingia naye mlangoni na kubaki kwenye kiti baada ya yeye kuondoka.

Mambo yalianzia kwenye moto wa jengo moja la ghorofa, mchana kweupe. Watu wa zimamoto wana utaratibu wao. Ukimkuta mtu kwenye moshi mzito humshiki mkono, kwa kuwa mikono yako unaihitaji kupapasa ukuta. Unauchukua mkono wake unauweka begani kwako na kumwambia maneno ambayo kila mmoja wao amefundishwa: "Shika hapa, usiniachie mpaka nikwambie." Mkifika nje unamwambia, "Tumetoka, niachie." Hilo la pili ni la lazima, maana aliyeponea chupuchupu hajui kuachia mwenyewe. Wapo waliobanduliwa vidole kimoja kimoja huku wamekaa juani salama.

Kipaza alikuwa ghorofa ya juu, haoni hata glavu zake, aliposikia mtu akikohoa nyuma yake. Alirudisha mkono, akakuta mkono, akauweka begani na kusema yale maneno. Alishuka ngazi zote akiuhisi uzito ule. Alipotoka mlangoni akageuka, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Akataka kurudi ndani, wenzake wakamkamata, na muda huohuo ngazi zikaporomoka. Jioni ikathibitika kwamba wakazi wote wamepatikana, hata paka wa mlinzi. Wenzake wakapongezana. Kipaza peke yake hakufurahi, kwa sababu kama watu wote walikuwa nje, ule mkono alioushika ulikuwa wa nani?

Wa kwanza kumtaja mwenye mkono huo alikuwa mtoto. Kipusa, binti yao wa pekee, alikuwa bado wa chekechea, na kama watoto wa umri huo alisema alichokiona bila kupaka sukari. Walikuwa wanakula chakula cha mchana.

"Baba, mwambie naye akae. Amechoka kusimama."

"Nani?" mama yake akauliza.

"Huyo aliyemshika Baba." Kipusa alitafuna, akameza. "Jana aliniuliza kama bega langu linashikika. Nikamwambia bado dogo."

Mama alimwangalia mumewe, akitumaini atacheka. Mumewe alikuwa ameinamia sahani huku machozi yakimtoka.

Walipobaki wawili jikoni, mke naye akajikuta ananong'ona. "Mimi sijui mambo ya hospitali. Hili ni jini. Nakupenda, Mungu ananiona, lakini mtoto wangu halimgusi. Ama linatoka hilo, ama natoka mimi na Kipusa."

Basi Kipaza akaenda kwa Mama Pole. Huyu alikuwa mshauri aliyewatibu watu wa zimamoto na wa magari ya wagonjwa, wale ambao kazi imewaingia kichwani na kukataa kutoka. Walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kumwambia mtu pole. Kituoni walimtania kila siku, na kila mmoja alikuwa ameshapita kwake kwa siri. Zamani alikuwa muuguzi wa gari la wagonjwa, kwa hiyo humdanganyi.

"Hicho ni kiwewe," alimwambia. "Unakikimbia, kwa hiyo kinakufuata. Funga macho. Nisimulie moto ule kama unatokea sasa hivi. Nitakurekodi, na kila siku nyumbani utausikiliza mpaka ukuchoshe."

Ni tiba ya kweli, imewainua watu waliokuwa wamekwisha, na mtu asiidharau. Lakini Kipaza kila mara alifika mahali palepale. Alisimulia moshi, akasimulia kikohozi, akasema, "Shika hapa, usiniachie mpaka nikwambie," na hapo sauti ikamkatika, jasho likammwagika, akafungua macho. Rekodi nayo ikaishia hapo. Na ndiyo aliyoipeleka nyumbani, akaisikiliza kila alasiri sebuleni, kwenye simu, huku mkewe akishona na Kipusa akichezea vipande vya kitambaa chini ya mashine.

Siku moja mkewe aliacha kushona na kumtazama. Mumewe alikuwa ameketi, macho ameyafumba, jua limejaa chumbani, nje watu wanapita na mazungumzo yao, na sauti yake mwenyewe kutoka kwenye simu ikasema shika hapa, na mama yule akaona kwa macho yake shati likizama begani, polepole, kidole kwa kidole, kitambaa kikikunjamana kama kinachobanwa, na mshono ukaanza kuvutika uzi mmoja mmoja, na ile harufu ikapanda mpaka macho yakamchonyota, na simu ikakatika pale ilipozoea kukatika, na katika ukimya ule mtu akakohoa nyuma ya kiti cha mumewe.

Hakungoja. Alimshika mumewe mkono wa kushoto wakaenda kliniki kwa Mama Pole vilevile walivyokuwa, yeye akiwa na futi ya kupimia shingoni. Kipusa walimwacha kwa jirani.

Mama Pole alisikiliza yote. Alikuwa ameanza kusikia harufu ile tangu walipofungua mlango.

"Mkishamtoa mtu nje," alisema kwa sauti ya chini, "huwa mnamwambiaje?"

"Tumetoka, niachie."

"Siku ile ulisema?"

Kipaza akajibu, "Ningemwambia nani, mama? Hapakuwa na mtu."

"Ulimwambia asikuachie mpaka umwambie. Na mimi nimekufanya umwambie hivyo kila siku." Mama Pole akajifuta uso. "Sijui ni nini, na wala sitajifanya najua. Mwite kiwewe, mwite jini. Funga macho, baba. Leo tunashuka mpaka chini."

Akasimulia. Alipofika pale pa kila siku taa ya chumba ikafifia na kiti chake kikaanza kulalia upande wa kulia, lakini mkewe alikuwa amemshika goti na Mama Pole alikuwa akirudia bila kuchoka, endelea, endelea, na Kipaza akapiga moyo konde akashuka, ngazi kwa ngazi, akisema ukuta una moto, akisema uzito unaongezeka, akisema anapumua shingoni kwangu, anapumua jamani, akisema naona mwanga, naona mlango, naona gari letu, na kwa sauti ile ya zamani, iliyotikisa vioo vya dirisha, akasema, "Tumetoka! Niachie!"

Vidole vikaachia. Mkewe aliona kitambaa kikijinyoosha. Harufu ikaondoka kana kwamba mtu amebeba godoro lililoungua na kutoka nalo. Kipaza akalia kwa sauti ya juu, na hakuna aliyemnyamazisha. Mama Pole, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, akasema pole.

Walirudi kwa miguu, Kipaza akiongea njia nzima. Aliwasalimu watu wa upande wa pili wa barabara. Mkewe alicheka mpaka akawa hana mbavu, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena.

Kipusa alikuwa amesimama uani kwa jirani, ametulia sana.

"Kipusa!" baba yake akaita. "Njoo unikumbatie."

Mtoto akaja taratibu, akitembea kama anayeongoza mtu. "Shh, Baba," akanong'ona. "Utamshtua."

Mama yake alisimama palepale.

"Umemwambia nini, mwanangu?" Kipaza aliuliza.

"Amekuja sasa hivi anakimbia. Alikuwa analia, anasema umemfukuza. Nikamwambia kama unavyosema wewe kwenye simu. Shika hapa, usiniachie mpaka nikwambie."

Kipaza alipiga magoti. "Vizuri. Sasa mwambie, tumetoka, niachie."

Kipusa aligeuza kichwa upande wa kulia. Alinong'ona, akasikiliza, akanong'ona tena.

"Hataki. Anasema hajatoka. Anasema huku nako ni ndani."

Kipaza akalivua shati pale uani, majirani wakitazama, akaliinamisha bega lake tupu mbele ya mtoto na kusema kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, "Shika hapa. Shika hapa mimi, usiniachie." Akasema tena. Akafumba macho na kungoja, huku mkewe akiomba dua nyuma yake, na jua likimchoma mgongoni. Hakuna kilichomgusa. Bega likabaki jepesi.