Mpunga Uliokwama Luama

Soko la Kasongo lilikuwa limefurika asubuhi ile, hata ukigeuka unakanyaga ungo wa mwenzako. Faradji alisimama mbele ya makanda yake ya mchele, kanzu yake nyeupe, kofia yake ya uzi wa manjano, akiwaeleza wachuuzi shauri lake kubwa. Misafara kutoka ziwa Tanganyika hufika kituo cha Kabambare na njaa; yeye atajenga ghala pale pale, ili wakute chakula kinawangoja.

Mwanamke mmoja akapenya katikati yao, akatia mkono ndani ya kanda, akaupeleka puani.

"Mchele huu umelala na maji," akasema.

"Dada, unanunua ao unanusa tu?"

"Nanusa kwanza. Na weye unataka kuutembeza siku saba? Utafika umeota majani!"

Watu wakaangua kicheko. Faradji aliona haya, lakini macho yake yaligoma kuondoka kwa yule mwanamke: kaniki imemkaa vizuri, ushanga mwekundu shingoni, vumbi la pumba limetulia kwenye nyusi. Akaulizia jina. Akaambiwa ni Subira, binti wa Bi Amisa, mwenye mashamba ya mpunga nje ya mji.

Kesho yake akamfuata shambani.

"Umekuja kununua ao kunusa?" Subira akamtania, miguu yake ndani ya tope.

"Nimekuja kuuliza. Shauri langu ni baya?"

"Ni zuri sana. Ila liko mudomoni tu. Miguu yake iko wapi?"

Wakakaa ukingoni mwa shamba mpaka jua likawa kali. Subira akampangia. Wabebe mpunga na maganda yake, utwangwe Kabambare. Njia igawanywe mara mbili: watu wa Kasongo wabebe mpaka mto Luama, warudi kwao, Wabangubangu wa ng'ambo wapokee, wafikishe Kabambare. Kila mpagazi apewe kitambaa chake siku ile ile anapotua mzigo.

"Mjomba wangu Hemedi anasema bila kamba watatoroka," Faradji akasema. Miaka ile wengi walisafirisha mizigo kwa watu waliofungwa shingo.

Uso wa Subira ukabadilika. "Ukileta kamba, mpunga wangu hauondoki hapa. Mutu ameshiba, amelipwa, atoroke aende wapi?"

Faradji akampinga mjomba wake, na kamba hazikuja.

Yeye akahamia Kabambare kusimamia ghala na watwangaji. Subira akasimamia mavuno na kivuko. Miezi mitatu mizigo ilitembea bila kukatika, na maneno yao yakatembea pamoja nayo, kinywani mwa Alimasi, mnyampara wa wapagazi.

"Mwambie Subira makanda thelathini yamefika makavu. Mimi peke yangu ndiye niliyeloa, kwa kumuwaza."

Siku nane baadaye Alimasi alirudi amekaza uso asicheke. "Anasema ujianike juani."

Kisha masika yakashuka kwa fujo. Siku ishirini zikapita, hakuna kanda wala salamu. Msafara mkubwa ulikuwa umepiga kambi Kabambare, watu wake wakila mizizi, na Hemedi hakukosa la kusema: "Si nilikuambia?"

Ndipo akatokea Abedi, mchuuzi wa chumvi, aliyevuka Luama kwa mtumbwi mdogo. "Subira wako? Nimemwacha kivukoni anafungua makanda yako, anagawa mpunga kama wa baba yake."

Faradji hakuuliza zaidi. Alitembea siku nne katika matope, hasira ikimsukuma mgongoni. Akavuka kwa ule mtumbwi mdogo maji yakiruka mapajani, na hata kabla hajakanyaga nchi kavu akaanza:

"Nilikuamini, Subira! Unagawa mali yetu, na mimi naaibika Kabambare?"

Subira alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, mwiko mkononi, kaniki imeganda tope. Akasimama taratibu.

"Mitumbwi mikubwa ilichukuliwa na maji, na huu mdogo haubebi mizigo. Wapagazi arobaini wa ng'ambo walivuka kupokea mizigo, wamekwama hapa na mimi. Ningewaacha na njaa, wangevuka mmoja mmoja kwenda kwao. Leo maji yanashuka, nani angebeba? Nimefungua makanda sita. Mengine yote yako chini ya paa, makavu. Yote hayo nilimpa Abedi akuambie."

"Aliniambia unagawa tu," Faradji akasema.

"Alikuambia nusu. Na nusu imekutosha kunishuku mimi!"

Hakulia. Aligeuka kwenye sufuria, na huo mgongo ulimuuma Faradji kuliko matusi.

Faradji akawageukia wapagazi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimemkosea Subira. Na ninyi nawashukuru mliobaki." Kisha akavua kanzu, akachukua shoka, akaingia msituni pamoja nao kuangusha mti wa mtumbwi. Siku tisa walichonga. Mikono ikamtoka malengelenge, lakini hakudai neno la upole, naye hakupewa.

Siku ya kumi mtumbwi ukavuka na mizigo ya kwanza, haukuyumba. Faradji akaituma mizigo itangulie Kabambare. Kisha akamwomba Alimasi achague watu wawili wa kubeba habari tu, waende na kurudi hata kama mizigo imelala.

Subira akasikia. Akamsogelea na mafuta ya mawese kwenye jani.

"Lete mikono, fundi wa mitumbwi."

"Ahsante, roho yangu."

"Tangu lini mimi ni roho yako?"

"Tangu uliponicheka sokoni. Subira, nikubali. Sina kazi wala nyumba bila weye."

Alipaka kidole baada ya kidole, hana haraka. "Uliza mama. Mimi nimeshakubali tangu siku ya tatu, uliponyanyua gogo kwa ule upande mzito."

Msafara ule ulikula, ukashukuru, ukaendelea na safari. Ndoa ilifungwa Kabambare mwezi wa mavuno, Bi Amisa akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kwenye mikeka ya mbele walikalishwa wale wapagazi arobaini. Hemedi alinung'unika kidogo, kisha akanyamaza, maana bwana harusi mwenyewe, kanzu mpya na joho, alikuwa ameshika birika na bakuli, akiwanawisha mikono mmoja mmoja kabla ya kula. Bibi harusi alimfuata nyuma na kitambaa cha kuwafutia.