Ncha Isiyonolewa

Haya yalimpata rafiki yangu Jepleting, fundi wa kukereza mbao pale Lanet. Mashine yake ya kukereza bado anayo, na ukimletea habari za karakana kuombewa anakuonyesha mlango.

Marehemu Mzee Kiarie, aliyemfunza kazi, alichukia patasi za ncha ya kabaidi, madini magumu kuliko chuma, hizi ambazo ncha ikichakaa unaifungua tu na kufunga nyingine. "Hizo ni za watu wavivu kunoa," alikuwa akisema. Yeye alitumia mkono wa kushoto, na kila ncha aliyoinoa ililalia kushoto. Mazishi yalipoisha, Jepleting akanunua ya kabaidi.

Alasiri moja alikuwa akimalizia miguu ya meza ya mteja wa Milimani. Mvua ikapiga mabati, stima ikapotea, karakana ikawa giza totoro. Mashine ikazunguka polepole hadi ikasimama. Akabaki ameshika patasi yake.

Ndipo jiwe la kunolea alilokuwa akitumia Mzee likaanza kulia kule kona. Shiii. Kimya. Shiii. Jiwe hilo ni la stima, na stima haikuwepo.

"Mzee, noa vile unataka," Jepleting akasema gizani. "Mimi nitakereza na hii."

Jiwe likanyamaza.

Stima iliporudi, alirudia kazi papo hapo. Patasi ikaingia kwa mti bila kelele, kwa ulaini kuliko siku zote. Akaiinua, akaitazama.

Ile ncha ya kabaidi, ambayo jiwe lile haliwezi hata kuikwaruza, ilikuwa imenolewa, imelalia kushoto. Na patasi haikuwa imetoka mkononi mwake.