Gauni Kwenye Ngazi za Shamian

Nassor alikuwa akivutana bei ya viatu pale soko la Wachina la Zhanxi, muuzaji akitikisa kichwa, "Mei you, mei you!", hakuna, hapunguzi hata senti, mkokoteni ulipomgonga kisigino. Akageuka atukane. Nyuma ya mkokoteni, ndani ya abaya ya zambarau, alisimama Kauthar wa Unguja.

"Weye! Miaka mitatu hupokei simu, mie nikajua umekufa."

"Nipo," akasema. Huyu ndiye aliyetaka kumuoa, kabla mwanamume mwingine hajamuwahi.

"Basi twende kisiwani Shamian leo. Nilikuahidi kukutembeza."

Wakaenda. Wakapita chini ya miti mikubwa, mbele ya majumba ya Kizungu yenye ngazi pana, nguzo nyeupe na roshani za chuma. Maharusi wa Kichina walijaa kila kona wakipigwa picha. Nassor hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mumeo hajambo?"

"Mume yupi?"

"Yule Mkongo. Mlipiga picha kwenye ngazi hizi, wewe na shela lako. Niliziona kwenye status."

Kauthar akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Nassor, mie nauza magauni ya harusi! Wateja wangu wataka waone gauni limevaliwa. Yule auza suti, tukapiga picha za sampuli, kila mtu atangaze mali yake. Weye si hujipiga picha na jinzi zako za kuuza za Xintang?"

Ni kweli, alijipiga kila wiki. Swali moja tu lingetosha, lakini kiburi kikamponza: aliizuia namba ya Kauthar, akapanda ndege kurudi nyumbani, na mama yake alipomtajia binti wa Kariakoo akaitikia siku hiyo hiyo.

"Nikangoja wazee wako waje kwetu," Kauthar akasema taratibu.

"Nimeoa. Tuna binti, Zainabu."

Kauthar akarudi nyuma hatua moja, Nassor akamsogelea.

"Kauthar, mpenzi, dini inaruhusu..."

"Usimalize. Mkeo hajanikosea kitu, nami sitamliza." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ungeniuliza tu, Nassor. Ningekujibu."

Akaondoka kuelekea kituo cha metro, hakugeuka. Nassor alijuta. Simu ikalia, akapokea kwa sauti nzito: "Haloo."

"Baba Zainabu, uko wapi? Mbona sauti hivyo?"

"Niko sokoni, mke wangu," akajibu. "Vumbi tu."

Hakuwahi kumdanganya kabla ya siku ile.